Punguzo Mnatoa Lini? Majibu ya Swali Tunaloulizwa Kila Msimu

Sisi ni karakana ndogo ya sabuni ya mwani hapa Wete, Pemba. Ikikaribia Novemba, na tena ikikaribia Ramadhani, simu ya karakana hujaa ujumbe wa aina moja: "Shoga, ofa lini?" "Dada, naona wenzenu wameshusha, nyinyi vipi?" Nikijibu mbiombio huku mikono ina mafuta, jibu linatoka kavu na mtu anadhani nimejaa kiburi. Ndiyo maana nimekaa siku moja nikayaandika yote.

Kwa hiyo hamtoi punguzo kabisa?

Hatutoi. Si Novemba, si Idi, si mwaka mpya, si siku za maonyesho ya biashara ya Januari. Kipande cha gramu 100 ni shilingi 6,000 leo, na Jumatano ijayo kitakuwa 6,000. Mwenye haraka jibu lake ndilo hilo. Mwenye nafasi avute kigoda.

6,000 kwa kipande cha sabuni! Hizo pesa zinakwenda wapi?

Swali la haki kabisa, na sioni kwa nini wauzaji wengi hulikwepa. Kipande kimoja kinatugharimu hivi. Mafuta ya nazi, kostiki soda na matone ya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), 1,700. Mwani wenyewe, ulioshakaushwa na kusagwa, 300. Mikono, yaani wanaopika, wanaokata, wanaogeuza na wanaofunga, 1,800. Karatasi, kamba na muhuri, 500. Kodi ya chumba, umeme, leseni, kodi ya serikali na nauli ya boti kupeleka mzigo Unguja, 900. Jumla 5,200. Inabaki 800, na humo ndimo inamotoka sufuria mpya ya zamani ikitoboka.

Sasa chukua lile punguzo ambalo kila mtu analitaka, asilimia 30. Asilimia 30 ya 6,000 ni 1,800.

Rudi juu uangalie 1,800 ni ya nani.

Muuza nazi hatanipunguzia kwa sababu mimi nina wiki ya ofa. Kostiki inatoka nje, bei yake haina habari na mimi. Mwenye chumba anataka kodi yake tarehe moja. Boti ina tiketi. Ukizunguka na kisu kutafuta pa kukata, unakuta kila mahali pagumu isipokuwa mahali pamoja tu, pale penye watu ambao hawatakugombeza kwa sababu mmoja ni binti wa shangazi yako na mwingine mlisoma chuo kimoja. Hapo ndipo biashara ndogo nyingi hukata. Hawaiti kukata, wanaita "tuvumiliane kidogo mwezi huu".

Lakini mwani si upo tu baharini?

Anayesema hivi hajawahi kuinama kwa muda wa saa tatu maji yakiwa magotini.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na baadaye ukaenea mpaka kwetu. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kazi inafuata bamvu. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali, basi ndipo wanapoteremka na vigingi, kamba na tai-tai, zile kamba ndogo za kufungia mbegu moja moja. Maji mafu hakuna kazi. Ukikosa bamvu hili, unasubiri lijalo. Mwani unakaa kama siku 45 ndipo uvunwe, na ukiuanika unabaki sehemu ndogo tu ya uzito ulioubeba kichwani kutoka pwani.

Ile aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa maji ya pwani yakipata joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo inastahimili zaidi lakini bei yake ni ya chini. Sehemu kubwa ya zao hili hununuliwa kavu na kwenda ng'ambo kutolewa karagenani, kitu cha kushikanisha aiskrimu na dawa ya meno isitengane. Bei ya kilo inaamuliwa huko mbali, mkulima anaambiwa tu.

Wanawake tunaofanya nao kazi wameambiwa bei maisha yao yote. Tulipoanza sabuni tulikaa kwenye mkeka, kalamu na daftari katikati, wakataja wao wanataka kulipwa ngapi. Ilichukua muda, kwa sababu mwanzo hakuna aliyetaka kutaja. Mmoja alisema, "Wewe sema, sisi tutaitikia." Ikabidi nitoke nje niwaache peke yao. Niliporudi kulikuwa na tarakimu imeandikwa, imekatwa, imeandikwa tena juu yake, kubwa zaidi. Nikitangaza punguzo bila kuwauliza, na mimi nimekuwa mtu mwingine wa kuwaambia bei.

Mbona msiuze nyingi kwa faida ndogo? Wachina wanafanya hivyo.

Kwa sababu sabuni yetu haiharakishwi.

Mwani siku 45 baharini. Baada ya hapo unaoshwa maji baridi mara kadhaa kuondoa chumvi, unaanikwa tena, unasagwa. Kostiki inatiwa kwenye maji (kamwe si maji kwenye kostiki, hilo tunalirudia kwa kila mgeni wa karakana), inapoa, inachanganywa na mafuta, inakorogwa mpaka iwe nzito kama uji wa ngano, inamiminwa kwenye kalibu la mbao. Kesho yake au keshokutwa inakatwa. Halafu inakaa juu ya rafu wiki nne mpaka sita, ikigeuzwa, maji yakitoka taratibu na kipande kikikaza. Toka mbegu kufungwa kwenye kamba mpaka wewe kujipaka mgongoni ni kama miezi mitatu.

Kiwanda kikubwa kikitaka mzigo wa Novemba kinawasha mashine nyingine. Sisi ili tupate mzigo wa Novemba ilibidi tuwe baharini mwezi wa nane. Na mwaka wa karafuu nyingi, mwezi wa nane hapa hakuna mtu. Kila mwenye mikono yuko shambani anachuma, na usiku familia nzima imezunguka jamvi inachambua makonyo. Siwezi kushindana na karafuu, wala sitaki. Makonyo hayo hayo ndiyo yanayotolewa mafuta kule Wawi, na bila mafuta hayo sabuni yetu ingenuka pwani.

Hamjawahi kujaribu hata mara moja?

Tulijaribu. Kosa lilikuwa langu, na nitalisimulia lote.

Duka moja la zawadi la Mjini, Unguja, ambalo lilikuwa linachukua mzigo wetu kila mwezi, lilitupigia likasema linaandaa wiki ya punguzo na kila msambazaji lazima ashushe asilimia 30. Asiyetaka, rafu yake inapewa mwingine. Niliogopa. Nikakubali bila kuwauliza wenzangu, nikijiambia kwamba tukiuza mara tatu ya kawaida tutafidia.

Tuliuza kweli. Vipande 400 siku nne. Siku ya pili duka lilipiga simu linataka 200 zaidi na mimi sikuwa na sabuni iliyokaa wiki zake. Nilikuwa na sabuni ya siku 17. Niliishika, ilikuwa bado na ubaridi ule wa maji ndani, ukiibonyeza kwa kidole gumba inaacha alama. Nikaifunga karatasi, nikapiga muhuri, nikaipandisha boti.

Wiki mbili baadaye zikaanza kuja picha. Sabuni imegeuka ute kwenye kisahani. Sabuni imekwisha kwa siku sita. Dada mmoja wa Kiembesamaki aliandika kwa upole sana, na upole wake ndio ulioniuma: "Nilikuwa nawasifu kwa watu." Tukarudisha pesa kwa kila aliyelalamika. Hesabu ilipofungwa tulikuwa tumepata hasara ya 1,000 kwa kila kipande, bila kuhesabu zile tulizorudisha, na malipo ya wenzangu yakachelewa wiki tano. Hawakunisema. Walikuja karakana, wakafanya kazi, wakaondoka mapema kuliko kawaida.

Jambo la mwisho ambalo sikulitegemea: miezi sita iliyofuata watu hawakununua. Walikuwa wanasubiri. Kila anayepiga simu anauliza, "Ile ofa inarudi lini?" Bei ya kweli ikaanza kuonekana ni bei ya kuwaibia.

Vipi hiyo "Blaki Fraide"? Dunia nzima inashusha.

Ni siku ya Wamarekani. Wana sikukuu yao ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kesho yake wengi wako mapumzikoni, watu wanamiminika madukani. Jina lenyewe halikuanza kama la sifa: miaka ya 1950 na 1960 polisi wa Philadelphia walikuwa wanaiita hivyo kwa kuchoshwa na misongamano ya siku ile. Wenye maduka hawakulipenda, ila baadaye wakaligeuza likawa tangazo.

Hapa kwetu wapo walioamua kulitafsiri moja kwa moja na kuandika "Ijumaa Nyeusi" kwenye bango. Bibi yangu angeuliza nani kafa. Ijumaa Pemba ni siku ya kanzu nyeupe, udi na pilau ya mchana, sijui weusi umeingilia mlango gani.

Na huko huko kwao si wote wanaofuata. Kampuni ya nguo ya Patagonia mwaka 2011 ilinunua ukurasa katika gazeti la New York Times siku hiyo hiyo, ikaweka picha ya koti lake na maneno ya kuwaambia watu wasilinunue. REI, maduka ya vifaa vya kambi na milima, mwaka 2015 yalifunga milango siku ile na kuwalipa wafanyakazi wakatembee. Kanada tangu 1992 kuna watu wanaoadhimisha siku ya kutonunua chochote. Sisemi haya ili tujifananishe nao. Kampuni kubwa ikikataa punguzo inapata sifa kwenye magazeti, sisi tukikataa tunapata ujumbe wa "mnaringa".

Na Idi? Si thawabu kuwapunguzia watu Ramadhani?

Anayeweza kupunguza ajue anapunguza kutoka mfukoni mwake, hiyo ni thawabu kubwa. Anayepunguza kutoka mfuko wa fundi wake, sijui inaandikwa wapi.

Lakini tuzungumze ukweli. Malalamiko ya Ramadhani hapa Visiwani si kwamba bei hazishuki. Ni kwamba zinapanda: ndizi, muhogo, tende, nguo za watoto. Kwa hiyo ahadi yetu ya Ramadhani ni kutopandisha. Na ahadi ya pili, ambayo mteja haioni: wote wanaofanya kazi karakana wanalipwa kabla ya kumi la mwisho, pesa yote, ili nguo za Idi zinunuliwe kabla soko la Darajani kule Unguja halijawa halipitiki na bei haijawa ya kulia.

Masika je? Hoteli zote zinashusha bei.

Hoteli ina vitanda vitupu, kitanda cha leo kisipolaliwa kimepotea. Sabuni haipotei. Halafu masika yenyewe ina unyevu, rafu hazikauki, tunapika kidogo. Hakuna cha kumwaga.

Basi mnawaona wanaotoa punguzo ni wabaya?

Hapana, na naomba hili lisomwe vizuri. Muuza maembe wa saa kumi na moja jioni ana haki ya kushusha, kesho yameoza. Muuza nguo wa Mlandege aliyebakiwa na magauni ya Idi baada ya Idi anahitaji pesa ya mzigo mpya. Hayo ni mapunguzo yenye sababu, na mnunuzi anaijua sababu kwa kuangalia tu.

Lisilo na sababu ni lile la bei kupandishwa wiki mbili kabla, ikakatwa kwa kalamu nyekundu, ikarudi pale pale ilipokuwa. Huo ni uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeuwekea sheria inayotumika tangu 2022: muuzaji akitangaza punguzo, aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizopita. Ningependa kuona maduka fulani tunayoyajua yakijibu mtihani huo.

Darajani napatana bei mpaka kwenye dagaa. Kwa nini kwenu nisipatane?

Mimi mwenyewe napatana. Nikiteremka Unguja siendi mnada wa samaki nikalipa bei ya kwanza, mama yangu angenikana.

Kupatana kuna raha yake na adabu yake, na samaki ni kitu cha asubuhi ile: wamevuliwa wengi, wachache, upepo ulikuwaje. Pale bei ni mazungumzo kwa sababu kila siku ni mpya. Sabuni yetu haina habari mpya. Na nilichokiona mwanzoni, tulipokuwa tunapatana, ni kwamba mwenye ulimi alitoka na 4,500 na mtu mzima mwenye haya alilipa 6,000, na mgeni wa nje akaambiwa 10,000 na kijana wetu wa mauzo aliyedhani ananisaidia. Sabuni moja, siku moja, bei tatu. Sasa bei imeandikwa ukutani kwa rangi. Mgeni na mwenyeji, Mpemba na Muunguja, wanasoma ukuta ule ule.

Nyongeza, ndiyo, ipo. Ukinunua kumi utakuta kipande kidogo cha ziada kwenye mfuko. Hiyo ni adabu ya duka.

Mwenye kipato kidogo afanyeje? Hii si sabuni ya matajiri na watalii?

Hili ndilo swali linaloniuma. 6,000 hapa Wete ni pesa, na mche wa sabuni ya kawaida unafua na kuogea kwa muda mrefu kwa bei ndogo kuliko hiyo. Sitamwambia mtu aache mche wake.

Tulichofanya ni viwili. Tunakata vipande vya gramu 25 kwa 1,500, bei ile ile kwa gramu, ila mtu anaweza kuimudu bila kuvunja kibubu. Na ile mikato ya pembeni, inayobaki kalibu likikatwa, yenye sura mbaya lakini sabuni ile ile, tunaiuza kwa kupima, gramu 100 kwa 2,000, hapa karakana tu, kila Jumamosi asubuhi. Majirani wanajua, ikifika saa nne imekwisha.

Utaniambia hilo si punguzo? Labda ni punguzo. Mwenzangu mmoja ananiambia kila mara kwamba ni punguzo na kwamba najidanganya. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mikato ile imeshalipiwa kazi yake ndani ya vipande vizima, na haimlazimishi mtu yeyote kukesha. Lakini simkatalii sana.

Nina nyumba ya wageni, nachukua vipande 200. Na mimi ni 6,000?

Wewe ni 5,300. Hatufungi karatasi moja moja, hatupigi muhuri, tunapanga kwenye boksi moja na safari ni moja. Hizo 700 ni gharama ambayo kweli haikutokea. Mikono bado 1,800. Tupe oda miezi mitatu kabla, na sasa unajua kwa nini mitatu.

Bei yenu imewahi kupanda?

Mara mbili, mara zote kwa sababu ya mafuta ya nazi. Tulibandika tangazo mwezi mzima kabla, pamoja na hesabu yote kama ile ya juu. Mafuta yakishuka tutashusha, na bei hiyo ya chini itabaki kuwa bei, bila wiki ya ofa.

Hamuogopi kupoteza wateja?

Tumepoteza. Lile duka la Mjini rafu yetu ilipewa mwingine mwaka uliofuata, kama lilivyosema. Miezi minne ilikuwa migumu, tukapunguza siku za kupika kutoka tatu kwa wiki mpaka mbili, na uamuzi huo tuliufanya wote kwenye mkeka ule ule. Duka jingine dogo lilitupata baadaye kupitia mteja, linachukua nusu ya mzigo wa lile la kwanza na linalipa kwa wakati. Hatujarudi tulipokuwa kwa wingi wa vipande.

Na ile Ijumaa ya Novemba mtafungua?

Tutafungua saa mbili asubuhi. Saa tano na nusu tunafunga kwenda kujitayarisha na sala, tunarudi saa tisa. Sabuni 6,000, kipande kidogo 1,500. Mikato hakuna, mikato ni Jumamosi.